Leseni ya Benedikta

Jumapili, 15 Juni

Nimeanza kuandika kwa sababu moja tu: nisipoandika nitamtukana mtu anayeshikilia viza yangu. Daftari halina masikio, na hata lingekuwa nayo lisingeweza kunirudisha Bukoba kwa ndege ya kesho.

Leo imekuja barua ya wizara. Kliniki zote za maumivu zimepewa mpaka mwisho wa Agosti kutimiza masharti mapya. Daktari bingwa awepo saa zote za kazi. Muuguzi awe na leseni. Kabati la dawa kali liwe na funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili, na pawe na daftari linaloonyesha kila kichupa kilikwenda kwa mgonjwa gani na nani aliyemchoma sindano. Asiyetimiza anafungiwa. Bosi wangu, Bwana Musallam, aliisoma akiwa amesimama, akajipepea nayo, akasema, "Hakuna mushkila." Kwake hakuna mushkila tangu azaliwe. Mushkila ni za watu wengine.

Acha nieleze hali yetu kama ilivyo. Kliniki iko Ghala, mtaa mmoja wa Muscat, juu ya duka la matairi. Daktari bingwa wetu anaitwa Loay. Cheti chake kiko ukutani kila siku. Yeye mwenyewe huja Jumanne, akijisikia kuja, husaini kitabu kizima cha karatasi tupu za dawa, hunywa kahawa, huondoka. Muuguzi mwenye leseni alikuwa Benedikta, binti wa Marangu, lakini Benedikta alirudi kwao Aprili kumuuguza mama yake. Nimebaki mimi. Nimesomea uuguzi miaka mitatu na kufanya kazi wodini miaka tisa, ila kitambulisho changu cha hapa kimeandikwa mfanya usafi. Kwa hiyo napima presha, nachoma sindano, kisha napiga deki. Bwana Musallam anaamini huo ni ukarimu wake.

Mtihani wangu wa leseni ni tarehe 12 Agosti. Nikifaulu nitahitaji barua moja ya mwajiri. Moja tu. Ameniahidi tangu mwaka jana.

Jumanne, 17 Juni

Dk. Loay hakuja. Joto nyuzi arobaini na sita.

Alhamisi, 19 Juni

Bwana Musallam ameingia na fremu ya dhahabu bandia, kubwa kuliko picha ya harusi. Ndani yake kuna leseni ya Benedikta. Kumbe aliificha kwenye faili tangu binti wa watu aondoke, na haijaisha muda mpaka Novemba.

"Njoo uone," akaniita. Kiswahili alikipata kwa mama yake, mzaliwa wa Unguja, na hukitumia zaidi kuwasengenya wagonjwa wa Kihindi mbele ya macho yao. "Si uzuri huu?"

"Huyu ni Benedikta, mudiri."

"Wakija wakaguzi, Benedikta ni wewe."

"Hatufanani."

"Mnafanana sana. Wewe umenenepa kidogo tu."

Benedikta ni mrefu, mweupe, ana mwanya, na nimemzidi miaka kumi na miwili. Mimi ni mfupi na mweusi wa kutosha, na meno yangu yamebanana kama watu kwenye misa ya Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu. Mtu huyu ameniona kila siku kwa miaka minne.

Nikamuuliza, wakinihoji je? Akacheka. "Ntakuwepo hapo hapo. Ntakwambia kwa Kiswahili cha kujibu. Watu wa wizara wanatoka huko milimani, hawajui hata neno." Kisha akashusha sauti kama baba mlezi. Nikikataa, khalas, anakata viza. Nikikubali, atasaini barua yangu siku ile ile wakaguzi watakapomaliza.

Jumapili, 22 Juni

Nimekubali. Sina la kuongeza.

Jumanne, 1 Julai

Dk. Loay amekuja kwa dakika arobaini. Amesaini karatasi sitini huku akizungumza na simu. Alipokuwa anatoka akaniuliza jina langu, mwaka wa nne huu. Nikasema Benedikta, kwa majaribio. "Jina zuri," akasema, akashuka ngazi.

Debe tupu lenye koti jeupe.

Jumapili, 6 Julai

Kuanzia saa sita na nusu mchana vibarua hawaruhusiwi kufanya kazi juani, kwa hiyo ndio muda wao wa kuja kwetu. Wanajaa kwenye mabenchi, wananuka saruji na jasho, wote mgongo, wote goti. Leo alikuwepo Gabrieli tena. Ni Mtanzania mwenzangu, fundi wa gereji Wadi Kabir, mwili wa ng'ombe na sauti ya mtoto. "Dada, nichome ile kali." Nikampa vidonge vya kawaida. "Dada, wewe huna huruma." Kweli sina. Wanaume wa aina hii nimewaona wodini: wake zao wamezaa mapacha bila kelele, wao wakichomwa chanjo wanaita mama.

Jumatatu, 14 Julai

Wakaguzi wamekuja. Yaani mkaguzi mmoja, Bwana Marhoon, na dereva wake.

Walikaribishwa kwa kahawa, tende, halwa, kisha kahawa tena. Saa nzima waliulizana habari za ukoo. Bwana Marhoon ni mtu mpole mwenye tumbo la mtu mpole. Aliposimama hatimaye, alikwenda kwenye fremu, akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha.

"Benedikta?" akauliza.

"Sema naam," Bwana Musallam akaniambia kwa Kiswahili, anatabasamu. "Na tabasamu basi, umenuna kama mwenye msiba."

"Naam," nikasema.

Akatia alama kwenye fomu yake. Kabati akalitazama kwa nje, likampendeza. Ukaguzi wa mwisho utakuwa mwisho wa Agosti, akasema, akachukua kipande cha halwa cha kwenda nacho.

Mwanamume mzima, ameaminiwa na serikali, na hawezi kutofautisha mwanamke na mwanamke. Kwake sisi ni sura moja iliyochapwa nakala nyingi. Nimemdharau mpaka nikashindwa kula mchana. Halafu nikakumbuka kwamba Petro naye alikana akiwa ameota moto wa watu, na sikuendelea na wazo hilo.

Barua yangu? "Baada ya ukaguzi wa mwisho, inshallah."

Jumanne, 15 Julai

Dk. Loay hakuja.

Jumapili, 20 Julai

Sasa nimeelewa fremu ilikuwa ya nini hasa.

Daftari la dawa kali limefunguliwa rasmi, na kila mwisho wa mwezi nakala inakwenda wizarani. Leo asubuhi kabatini kulikuwa na vichupa kumi na viwili vya pethidini, ile dawa kali ya maumivu. Baada ya swala ya adhuhuri vilikuwa vinane. Funguo zote mbili ziko kwenye mnyororo mmoja, na mnyororo uko mfukoni mwa Bwana Musallam. Ana rafiki mwenye shamba Barka ambaye "anateseka sana na mguu". Rafiki huyo hana faili hapa wala sijawahi kumwona.

"Andika wagonjwa wa leo," akaniambia. "Gabrieli mbili, yule Mhindi wa Kerala mbili. Saini Benedikta."

Gabrieli leo hata hakuja. Nikaandika. Sahihi ya Benedikta ni rahisi kuiga, ina B kubwa yenye matumbo mawili.

Alhamisi, 24 Julai

Vitatu. Nimesaini.

Jumamosi, 26 Julai

Vitano. Nimesaini. Unyevu leo ni wa kunywa, vioo vya dirisha vinatoka jasho kwa nje.

Jumanne, 29 Julai

Dk. Loay hakuja, na ndiyo siku aliyotakiwa kuwepo.

Wenzake Gabrieli wawili walimpandisha ngazi wakiwa wamembeba mgongoni na mabegani. Injini ilimteleza mikononi gereji. Mguu wa kushoto haukuwa na nguvu, na alipojaribu kulala kitandani akatoa sauti ambayo mwigizaji hawezi kuitoa. Nimezisikia sauti za watu wodini kwa miaka tisa, sauti hii naijua. Nikamwuliza ganzi ilianza lini. Mei, akasema. Tangu Mei alikuwa ananiambia, na mimi nilikuwa namsikia mwanamume mwoga.

Nikaenda kabatini. Bwana Musallam alifungua kwa mbwembwe. Kabati lilikuwa tupu.

"Vimekwenda wapi?"

"Si umeandika mwenyewe? Tazama daftari."

Nikatazama. Kwa mujibu wa daftari, Gabrieli amechomwa pethidini mara saba mwezi huu, na muuguzi Benedikta. Hajachomwa hata mara moja. Nikampa sindano ya kawaida, nikaita gari la wagonjwa, nikamshika mkono mpaka lilipofika. Alikuwa ananiomba msamaha kwa kupiga kelele. Yeye, ananiomba msamaha mimi.

Bwana Musallam alikasirika kuhusu gari la wagonjwa. Litaleta maswali, akasema.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda misa. Padre amehubiri kuhusu uvumilivu. Sikumsikiliza.

Jumapili, 3 Agosti

Benedikta amepiga simu kutoka Marangu.

"Dada Conjesta, shikamoo. Hivi mimi bado niko Muscat?"

Nikacheka. Ameomba kazi hospitali moja ya Arusha, wakamtaka ushahidi wa mwenendo mwema kutoka alikofanyia kazi mwisho. Wizara ya huku imemjibu kwamba bado yuko kazini Ghala, na kwamba kwanza atoe maelezo kuhusu pethidini nyingi mno zenye sahihi yake mwezi wa Julai.

"Julai mimi nilikuwa namgeuza mama kitandani, dada. Nani anasaini jina langu?"

"Labda ni makosa ya kompyuta," nikasema.

"Eh. Basi nisaidie kuwauliza. Wewe ndiye ninayekuamini huko."

Nikasema nitauliza. Baadaye Radhia, mwenzangu wa chumbani, ambaye hufanya kazi ya ndani Al Amerat na hurudi chumbani kwetu Wadi Kabir kila jioni, aliniuliza kwa nini nakunja nguo zile zile mara ya tatu. Nikaanza ya nne.

Nimejaza kurasa hizi kwa dharau. Musallam mwizi, Loay mtoro, Marhoon kipofu. Nyani haoni kundule. Hao watatu hawajui kichupa kimoja cha pethidini kinamfanyia nini mtu aliyevunjika. Mimi najua, nimesomea, nimeona. Kati yetu wote mimi peke yangu nilisaini nikielewa ninachosaini. Najidharau leo kuliko wao.

Jumanne, 12 Agosti

Mtihani. Maswali mengi niliyajua kabla sijamaliza kuyasoma. Swali moja liliuliza muuguzi afanye nini akigundua kumbukumbu za dawa kali si za kweli. Nilichagua jibu sahihi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefaulu. Themanini na nne kwa mia. Nilikaa ngazini kwenye kliniki, nikalia kidogo, nikaenda kupiga deki.

Dk. Loay hakuja.

Alhamisi, 21 Agosti

Bwana Musallam ameandikisha barua yangu kweli. Imechapwa, ina mhuri, ina jina langu kamili. Haina sahihi. Ameiweka juu ya meza yake chini ya kopo la kalamu, niione kila ninapopita. "Jumatatu ukaguzi," amesema. "Jumatatu hiyo hiyo nnasaini." Mtu anayejua kumfunga mbuzi hukata kamba iwe fupi.

Nikiwa mkweli, nimepanga kusema naam mara moja zaidi. Nikipata leseni nitajua namna ya kumsaidia Benedikta. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Jumatatu, 25 Agosti

Naandika polepole nisiache kitu.

Safari hii alikuja mwanamke, peke yake. Bi Hasina, abaya nyeusi, miwani, mkoba mzito, umri wa kukaribia kustaafu. Anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Hakuzungumza ila Kiarabu, na kidogo. Nilimwona nikasema moyoni, haya, mwingine wa kulishwa halwa. Alikubali kahawa. Bwana Musallam akaninong'oneza njiani, "Mgeni akinywa kahawa yako, nusu ya kazi imekwisha."

Alikunywa kikombe cha kwanza. Akauliza kuhusu daktari. Bwana Musallam akasema ametoka sasa hivi, ana dharura. Akauliza kuhusu funguo mbili. Hapo bosi wangu akanigeukia na tabasamu lake la wageni, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sukari:

"Benedikta, kimbia kachukue funguo moja kwenye koti langu, uje useme ulikuwa nayo wewe. Na droo ya chini usiifungue hata akikuomba, mna karatasi za Loay. Libibi lenyewe lishachoka, sasa hivi litakwenda zake."

Sikutoka. Bi Hasina alimaliza kikombe cha pili, akakitikisa kidogo kuonyesha kwamba imetosha, akakirudisha mkononi mwa Bwana Musallam.

"Libibi halijachoka, Musallam," akasema kwa Kiswahili. "Libibi mama yake kazaliwa Tabora. Nyumbani kwetu hatugombani kwa lugha nyingine."

Bwana Musallam akaanza kumimina kahawa tena kwenye kikombe kilichorudishwa. Mji huu! Nusu ya maofisi yake yana mtu aliyetukanwa na bibi yake kwa Kiswahili, na yeye, mtoto wa mama wa Unguja, akakifanya kufuli la siri zake.

Kisha Bi Hasina akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu. Jina lako nani?"

"Mwambie," Bwana Musallam akasema. Sauti ilikuwa imembadilika. "Mwambie wewe ni Benedikta. Mwambie, barua yako hii hapa, nnasaini sasa hivi." Akaichomoa barua chini ya kopo, akashika kalamu kweli, mbele ya mkaguzi. Mfa maji haachi kutapatapa. Niliiona sehemu ya sahihi, mstari mtupu, na chini yake jina langu lote. Nitasema kweli: niliitaka. Hata pale, niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

"Naitwa Conjesta Kokushubira," nikasema. "Benedikta yuko kwao tangu Aprili. Hajui lolote."

Nikafungua droo ya chini.

Nilidhani atanisifu. Hakunisifu. Alivaa vizuri miwani, akapekua karatasi za Loay, akapekua daftari la dawa.

"Sahihi hizi kazitia nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Kumi na mbili."

"Kakulazimisha huyu?"

"Alinilazimisha. Lakini mkono ni wangu, Bi Hasina, na mimi ni muuguzi. Nilijua."

"Ungeishia kwenye kulazimishwa, ningekuandika shahidi. Ukisema hivyo nnakuandika mkosaji. Wafahamu?"

"Nafahamu. Nikiishia kwenye kulazimishwa, vichupa vya wagonjwa ambao hawakuchomwa vitabaki bila mwenyewe, na vitamrudia Benedikta."

"Nyote wawili mnanichosha," akasema, akanipa kalamu. Niliandika kurasa tatu: kila tarehe, kila kichupa, kila jina la mgonjwa lililotumika. Bwana Musallam alikuwa anapiga simu moja baada ya nyingine, na hakuna aliyepokea. Saa nane mlango ulibandikwa karatasi ya kufungwa. Vibarua waliokuwa wanapanda ngazi waliisoma, au walijifanya kuisoma, wakashuka na migongo yao.

Bi Hasina aliwaandikia wote kliniki nyingine yenye kibali. Foleni yake ni wiki mbili. Mimi nilibaki ngazini nikiwaelekeza mmoja mmoja, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuwaelekeza.

Jumapili, 31 Agosti

Gabrieli amefanyiwa upasuaji. Anatembea kwa fimbo. Nimempigia, nikamweleza jina lake nilivyolitumia. Akakata simu. Ana haki.

Alhamisi, 4 Septemba

Ujumbe kutoka kwa Benedikta: faili lake limesafishwa, Arusha wamemwita. Ameandika, "Kumbe ni wewe dada." Basi. Hakuandika kingine.

Jumanne, 9 Septemba

Barua ya wizara imefika. Ni ya Kiarabu, kwa hiyo nilimsubiri Radhia, aliyejifunza kusoma madrasa Tanga na kazini akamalizia. Viza yangu imekatwa na ndege ni Alhamisi, hilo nalijua tayari. Mabegi yako mlangoni.

Radhia alikaa kitandani akaisoma kwanza peke yake, midomo ikicheza. Nikamwona uso unaanguka.

"Pole, dada. Wanasema hivi: 'Muuguzi Conjesta Kokushubira amezuiwa kufanya kazi ya uuguzi nchini kwa muda wa miaka miwili, kwa kukiri kwake mwenyewe.' Halafu kuna vifungu vya sheria. Nisome na vifungu?"

"Hapana," nikamwambia. "Rudia hapo juu. Lile neno la kwanza, kabla ya jina langu."